Golikipa wa Jumapili

Timu ya kampuni yetu ilikuwa na magolikipa wawili, na mashabiki hawakuwaita kwa majina yao. Mmoja aliitwa Jumamosi. Mwingine aliitwa Jumapili. Jumapili alikuwa kaka yangu, Alfayo.

Hayo majina yalitoka kwa mambo ya kanisa. Sisi ni Wasabato, watu wa Kendu Bay, na Msabato hachezi mpira siku ya Sabato hata kama ni ligi. Kwa hivyo mechi ikiwa Jumapili, Alfayo ndiye anadaka. Ikiwa Jumamosi, anadaka Benard, kijana wa Kapsoit, mwenye mdomo mwepesi kuliko mikono. Wakati kampuni ya chai ya Kaborok inamwandika Alfayo, Meneja aliambiwa hayo maneno mapema na akakubali. Alfayo apewe Jumamosi yake. Halafu Jumapili asubuhi, wakati Wakipsigis, wenyeji wa hapo, wote wako kanisani, yeye aingie shifti ya kukausha majani, na akitoka hapo aende moja kwa moja uwanjani.

Nyumba tulipewa kwa sababu ya huo mpira. Mtu wa kuchuna majani anapata chumba kimoja. Mchezaji anapata viwili, na jiko nje. Mama alilala kimoja, mimi nikajitengea kona na shuka ya maua, Alfayo akalala pale kwa meza. Nilikuwa Form Two, na nilikuwa nimebadilisha shule mpaka nimechoka. Kila shule mpya unaambiwa usimame mbele useme jina lako, na mimi nikisimama mbele ya watu sauti inaenda. Hapa angalau walikuwa wameshazoea kwamba Akeyo haongei, wananiacha. Kitu nilitaka kilikuwa kimoja tu: tusihame tena.

Lakini mwaka huo wa tisini na tano hakuna kitu kilikaa mahali pake.

Ilianza na matransfa. Mfungaji wetu alichukuliwa na watu wa Nakuru hata kabla ya ligi kuanza. Yule wa kati alienda Mombasa, akaacha godoro yake kwa jirani. Mahali pao akaletwa Kepher kutoka Kisumu, mrefu kama mti wa stima, na viatu vyeupe. Ati huko alikuwa anafunga kila wiki. Kwa matope ya Kaborok viatu vyake vilikuwa vinafika golini kabla ya mpira. Mashabiki walicheka mpaka wakachoka, halafu wakaacha kucheka, kwa sababu tulikuwa tunachapwa.

Tulichapwa Thika. Tukachapwa Kisumu. Siku ya Eldoret lori ya kampuni ililala kwa tope karibu na Londiani, tukafika wenzetu wameshavaa nguo za nyumbani, pointi zimeenda bure. Mechi za Jumapili ndizo zilikuwa zinatushikilia, kwa sababu mpira ulikuwa haupiti kwa Alfayo. Nilikuwa nasimama nyuma ya goli lake na Chepkosgei, rafiki yangu wa darasani. Chepkosgei alipiga kelele za watu wawili, zake na zangu.

Halafu siku moja Jumamosi walikuja wanaume wawili kutoka Nairobi, na koti za ngozi, wakasimama kando ya uwanja hawasemi na mtu. Skauti. Sisi tulikuwa kanisani. Siku hiyo Benard alidaka penalti na macho yamefungwa, hiyo alisema mwenyewe, na wiki iliyofuata akaenda Nairobi na begi jipya.

"Wamekuja kutafuta golikipa, wakachukua Jumamosi kwa sababu siku ilikuwa Jumamosi!" Chepkosgei aliniambia. "Akeyo, wangekuja kesho yake si ni Alfayo angekuwa Nairobi?"

Kambi nzima ya wafanyakazi ilisema hivyo hivyo. Wengine walimwambia Alfayo usoni, kwa mfereji, akichota maji.

"Jumapili, Mungu wako anakupenda kweli?"

"Ananipenda," Alfayo alisema. "Ndiyo maana sijaenda kulala kwa chumba moja Nairobi na Benard. Huyo anakoroma."

Walicheka. Lakini nyumbani hakucheka. Alikuwa anazunguka tu. Anakaa, anasimama, anaenda mlangoni, anaangalia nje kama mtu amesikia akiitwa. Mama akamwambia, "Kaa chini, nyathina, mwanangu, unanizungusha kichwa." Anakaa. Baada ya kidogo amesimama tena.

Benard alipoenda, hatukuwa tena na golikipa wa Jumamosi. Kocha Johana, mzee mfupi wa kofia ya sufu ambaye pia alikuwa anasimamia boila kiwandani, alijaribu kila mtu. Mwishowe akamweka Kepher, kwa sababu ya urefu. Alfayo akawa anamfundisha jioni, huko nyuma ya mazizi. Mimi ndiye nilikuwa narudisha mipira ikiingia kwa majani chai.

"Usiangalie mguu ya mtu, angalia mpira," Alfayo alikuwa anasema.

"Naangalia vyote," Kepher anasema.

"Ndiyo maana huoni hata kimoja."

Kepher alijaribu, kusema ukweli. Lakini mtu amezoea kukimbiza mpira maisha yake yote, sasa unamwambia angoje mpira umkujie.

Siku ya mshahara Meneja alisimama kwa ngazi ya ofisi akasema wazi. Timu ikishuka daraja, kampuni inamalizana na mpira. Wachezaji wasio na kazi ya kudumu watarudisha nyumba. Kuna watu wa kuchuna wanalala watano watano, hizo nyumba zitawatosha. Hakusema na hasira. Alisema tu, kama mtu anatangaza stima itapotea Jumanne.

Na Alfayo hakuwa na kazi ya kudumu. Shifti yake ilikuwa ya Jumapili tu, ya kusaidia. Kazi yake ilikuwa golini.

Basi tukaanza kuhesabu. Tukifunga hawa, tukitoka sare na wale. Mpaka ikabaki mechi moja, nyumbani, na watu wa Thika. Sare tu ilikuwa inatutosha. Ilikuwa imepangwa Jumapili, na kambi nzima ikalala usingizi. Halafu Jumatano wenye ligi wakapiga simu kiwandani: mechi zote za mwisho zitachezwa siku moja, saa moja, ndiyo watu wasiuziane mechi. Jumamosi, saa tisa.

Kocha Johana alikuja kwetu jioni hiyo hiyo. Alivua kofia, akaishika kwa magoti.

"Mama Alfayo, mimi sikuja kuvunja dini ya mtu."

"Najua, Kocha. Kunywa chai."

"Mimi ni mtu wa kanisa. Hata mimi Jumapili sishiki filimbi kabla maombi iishe. Lakini hii ni moja tu. Moja, halafu nyumba inabaki."

Mama aliangalia kikombe. Alikuwa shemasi, watu walimwita kwa magonjwa na kwa matanga. "Ongea na mwenyewe. Ni mtu mzima."

Alfayo alikuwa amesimama mlangoni. "Kocha, wewe unajua jibu."

"Najua. Lakini nitaandika jina yako kwa watu wa akiba. Kila Jumamosi huwa naandika. Hiyo si dhambi yako, ni wino yangu."

Akaenda zake. Mimi nilikuwa nyuma ya shuka na nilitaka kutoka nimwambie Alfayo acheze. Nilijua nikimwambia atanisikiza, na ndiyo maana sikuweza.

Jumamosi ikafika na jua kali la kuchoma, lile linaleta mvua. Kanisa letu lilikuwa la mabati, juu ya kilima, na uwanja uko chini yake. Mchana wenzetu wa kambi wakipita kwenda mechi, sisi tukabaki kwa programu ya vijana. Mzee Jairus alikuwa anafundisha juu ya Danieli. Hakuna mtu alikuwa na Danieli. Kelele ikipanda kutoka uwanjani, benchi zote zilikuwa zinalia. Alfayo alikaa mbele na suti yake ya kijivu, goti lake linatetemeka, linatetemeka, mpaka mtoto wa mtu akaliwekea mkono.

Kelele moja kubwa: sisi tumefunga. Nilijua kwa vile ilikaa muda. Baadaye kelele fupi, halafu kimya: wamerudisha.

Ndipo mvua ikaja, na si mvua, mawe. Watu wa Kericho wanajua hayo mawe. Yalipiga mabati mpaka Mzee Jairus akawa anafungua mdomo tu. Kukawa giza kabisa, giza la kuwasha taa. Hii ilichukua muda mrefu, na sisi tulikaa tu tunaangaliana, tunajua kule chini mechi imesimama, bao moja kwa moja.

Sasa, kanisa letu lilikuwa na desturi ya kufunga Sabato. Saa ya ukutani ilikuwa imekufa siku nyingi. Mzee Jairus huwa anaenda dirishani na kitabu cha nyimbo, anafungua popote. Akishindwa kusoma bila taa, jua limeingia, anaomba, tunaimba, Sabato imeisha. Hakuna mtu aliwahi kuuliza swali.

Mawe yakapungua. Mzee akaenda dirishani. Akafungua kitabu, akakileta karibu na macho, akakipeleka mbali.

"Sioni," akasema.

Watu wenye saa mkononi walivuta mikono ya sweta wakazifunika. Mama pia.

"Basi tuombe."

Tuliimba wimbo wa kufunga haraka kuliko siku zote. Amina ilikuwa haijaisha na Alfayo ameshafika mlangoni, viatu mkononi, anateleza chini ya kilima na suti, na sisi nyuma yake, kanisa nzima, wamama na vitambaa vyao, Mzee Jairus na fimbo.

Uwanjani watu walikuwa wanafagia mawe. Wachunaji walileta vikapu vyao vya mgongoni wakawa wanajaza barafu na kumwaga nje ya mstari. Refa alikuwa anaangalia saa yake kila mara. Nusu ya pili ilikuwa imebaki karibu yote. Kocha Johana alipoona ile suti ya kijivu, hakuuliza kitu. Alimtoa winga mmoja, akamwambia Kepher, "Toa glavu, baba, enda mbele." Kepher alizitoa kama zinamuunguza.

"Jumapili! Jumapili!" uwanja mzima.

Chepkosgei alinishika mkono nyuma ya goli. "Sasa tumepona. Akeyo, ongea basi, hata neno moja!"

Sikuongea, lakini nilikuwa naruka. Mpira wa kwanza walipiga kutoka mbali, ulikuwa unaingia kwa kona ya juu, na Alfayo akautoa na kidole. Wa pili akaulalia kwa matope miguuni pa mtu. Alikuwa na kaptula ya kuazimwa na shati yake ya kanisani. Watu wa Thika wakaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe. Nikafikiria shuka yangu ya maua, nikaona iko tu pale, inabaki pale.

Halafu wingu likapasuka.

Si kidogo. Lilifunguka upande wa Kisumu kama mtu amevuta pazia, na jua likatoka hapo, kubwa, bado liko juu ya vilima. Mashamba yote ya chai yakang'aa, mawe yakang'aa, mabati ya kiwanda huwezi kuyaangalia. Uwanja ulishangilia. Walifikiri ni baraka.

Alfayo aliinua mkono kukinga macho. Ulibaki hapo kwa paji la uso. Nilikuwa karibu, niliona mgongo wake ukikauka.

"Ni nini?" Chepkosgei aliuliza. "Ameumia?"

Mpira ulikuwa umetoka nje. Alfayo alitembea mpaka kwa refa.

"Refa, naomba kutoka."

"Umeumia?"

"Hapana. Ni jua."

"Jua? Si uvae kofia!"

"Nitarudi likiingia."

Refa alimwangalia kama mtu amelewa. Akasema akitaka kutoka atoke, lakini timu itabaki watu kumi. Alfayo akavua glavu, akampelekea Kepher, akavuka mstari akasimama nje, karibu na nguzo ya kona, mikono nyuma kama mwanafunzi ameitwa ofisini.

Kelele iliyotoka hapo sijawahi kusikia.

"Umeuza mechi! Jumapili umeuza mechi!"

"Mjaluo, rudi Kendu!"

"Wewe, nani amesema hiyo? Nyamaza, huyo ni mtu yetu!" Huyo alikuwa Kocha Johana, anapiga kofia yake kwa goti. Halafu akamkimbilia. "Alfayo. Mwanangu. Wamefunga Sabato. Nimeambiwa wamefunga, wameimba!"

Mzee Jairus alifika akihema, fimbo imejaa matope. "Ni mimi nimefunga. Macho ni yangu, kosa ni langu. Ingia ucheze, dhambi nitabeba mimi."

"Dhambi haina transfa, Mzee," Alfayo alisema. Hakuwa anamkosea heshima.

"Ni kidogo tu limebaki!"

"Kama ni kidogo, litaingia sasa hivi."

Wote wakageuka kuangalia jua. Sijawahi kuona watu wengi hivyo, Wasabato, Wakipsigis, Wakisii, wachezaji wa akiba, wanaliangalia jua na hasira. Lilikuwa limesimama pale. Siku zingine unageuka kidogo umekuta limeshaenda. Siku hiyo lilikaa kama mgeni ambaye hajaambiwa chakula kimeisha.

Mama alisimama mbali kidogo, kitambaa kimeteremka mabegani. Hakumwita.

Kepher alidaka mmoja. Akapiga ngumi mwingine. Kidogo niamini. Kisha wakapiga kona, mpira ukaja juu, na Kepher akaangalia mguu wa mtu.

Mbili kwa moja.

Jua liliingia baadaye kidogo tu. Mzee Jairus ndiye alisema, kwa sauti ndogo, "Sasa." Alfayo akainua mkono, refa akamwita ndani. Alicheza ile nusu giza iliyobaki kama mtu anapigana na nyuki. Hakuna kilichopita. Lakini golikipa hawezi kufunga, na wale wa kufunga tulikuwa tumewauza Nakuru na Mombasa. Refa akapiga filimbi, na watu wakaenda nyumbani bila hata kutukana.

Jumapili asubuhi Alfayo hakuitwa shifti. Tulikaa ndani. Mama alikuwa anaosha vikombe visafi.

"Ungebaki," akasema, bila kugeuka. "Jana. Ungebaki tu pale golini."

Alfayo aliinua kichwa. Nafikiri hilo lilimuuma kuliko uwanja mzima. "Mama? Ni wewe unasema hivyo?"

"Ni mimi. Mungu alikuwa ameshatupa giza. Kwa nini ukaenda kumuuliza tena?"

"Alitupa jua pia."

Mama akaanza kulia kimya kimya, mikono bado majini. Ndipo Kocha Johana akabisha. Alikuwa ametoka kanisani, na tai. Aliona machozi, akataka kurudi, Mama akamvutia kiti. Alikaa na hiyo kofia yake.

"Kocha, niambie umekasirika, nisikie," Alfayo alisema.

"Mimi? Nimefungwa na watu wa kila aina, Alfayo. Sijawahi kufungwa na jua. Sijui hata nitalikasirikia aje." Akanywa chai. "Meneja anasema mwisho wa mwezi. Nimeongea, amekataa. Lakini kuna timu Ndanai, ya watu wa soko. Ndogo, lakini wanataka golikipa. Kuna nyumba ya mabati nyuma ya posho mill ya kusaga mahindi, na shule iko karibu kwa huyu msichana."

Mama alijipangusa uso. Na mimi, ambaye sijawahi kufungua mdomo mbele ya mgeni, nikasikia sauti yangu imetoka nyuma ya shuka:

"Wanacheza siku gani?"

Kocha aligeuka. Akaangalia ndani ya kikombe, akakizungusha.

"Jumamosi," akasema.

Alfayo ndiye alianza. Alicheka mpaka akashika meza. Kocha akamfuata, kofia imeanguka chini, halafu Mama, machozi yakiwa bado hapo. Mimi nilicheka na sikujua kama nacheka.

"Nitaongea nao," Kocha alisema alipopata pumzi. "Siku si mawe. Inaweza kusongeshwa."

Na kweli alichukua baiskeli wiki hiyo akaenda Ndanai kwa mvua. Akarudi akasema wazee wa timu wamesema watafikiria. Akaenda tena. Bado walikuwa wanafikiria.

Siku ya mwisho ya mwezi trekta ya kampuni ililetwa mlangoni. Watu wa kuingia walikuwa tayari wamesimama nje, mume na mke na watoto na kuku kwa kikapu, wanaangalia ukuta kama wanaupima. Mama aliwasalimia, akawaonyesha mahali bati linavuja. Tulipandisha meza, vitanda, sufuria. Nilikunja shuka yangu ya maua nikakaa juu yake kwa trela.

Dereva alikuwa Mkipsigis mzee, ameshika usukani na mkono mmoja. "Haya. Nawapeleka upande gani? Sotik, njia ya Ndanai, au Kericho mkashike gari ya Kisumu mrudi kwenu?"

Mama alimwangalia Alfayo. Alfayo aliangalia barabara ya kwenda kiwandani, kama Kocha anaweza kutokea hapo na baiskeli. Hakukuwa na mtu, ni wachunaji tu, vikapu mgongoni.

"Tupeleke kwa lami kwanza," akasema.

"Na hapo kwa lami?"

"Hapo utatuacha," Alfayo alisema, akapanda akakaa kando yangu, goti lake likaanza tena.

Trekta ikang'oka. Nikaliwekea mkono.